Kabla Hujatega, Sema Utarudi Lini

Kama una waya wa kutegea uliouchomeka darini, au uliouacha umefungwa kwenye mti kule bondeni na unaujua mwenyewe ni mti upi, naomba tuzungumze. Simwiti mtu jangili. Najua mwezi wa pili ulivyo, mahindi bado mabichi shambani na kihenge kimebaki vumbi tupu. Najua pia hasira ya kuamka alfajiri ukakuta manyoya yametapakaa uani na mtetea aliyekuwa anaatamia hayupo. Anayeishi kando ya pori hawafuati wanyama, wao ndio wanaomfuata, na wengi wa wanaomhubiria awapende hawajawahi kupigiwa hodi na tembo saa nane za usiku.

Kwa hiyo mahubiri ya mapenzi tuyaweke kando. Ombi langu linahusu waya.

Waya wenyewe hautoki mbali. Tairi kuukuu likichomwa, mpira unaisha na ndani yake zinabaki nyuzi za chuma. Mwingine ni wa breki ya baiskeli au pikipiki, mwingine wa uzio, mwingine ni ule wa simu za nguzo uliokatwa zamani. Kwa nyati hutafutwa kebo nene ya winchi. Ncha moja hukunjwa ikawa kijitundu, ncha ya pili hupitishwa humo, na kitanzi kimekamilika. Hakuna ufundi mwingine. Kinaning'inizwa njiani kwenye kimo cha kichwa cha mnyama anayetakiwa: karibu na kifua cha mtu kwa nyumbu, chini ya goti kwa digidigi. Katika vichaka vya Tsavo wategaji hupanga ua wa matawi ya miiba unaokatiza njia za wanyama, na humo huacha mianya. Kila mwanya una kitanzi chake. Mnyama mdogo akikutana na miiba haruki, anaambaa na ua kutafuta pa kupita, na pa kupita papo.

Akishaingia hufanya jambo lililomwokoa maisha yake yote, anavuta. Kadiri anavyovuta ndivyo waya unavyokaza. Aliyeshikwa shingo barabara atakosa pumzi upesi. Aliyeshikwa mguu anaweza kukaa pale mchana kutwa na usiku kucha, waya ukila ngozi, kisha nyama, mpaka ukafika mfupani. Mwenye nguvu hukata waya akaondoka nao, na hapo ndipo mateso marefu yanapoanza, maana nyama huvimba ikaufunika waya usionekane, kidonda kikaoza kwa ndani. Madaktari wa wanyamapori wakimpata wa namna hiyo humlaza kwa sindano ya usingizi, huutafuta waya kwa vidole ndani ya kidonda, huukata kwa koleo, husafisha usaha na kumwachia. Lakini kwa kila anayepatikana kuna wale walioingia kichakani wakafa bila mtu kujua, na aliyetega hakuambulia hata kipande cha nyama.

Wapo wanaosema mtego ni mila yetu, na serikali za kikoloni ndizo zilizomgeuza mwindaji wa kijijini kuwa mhalifu huku mabwana wakiwinda kwa bunduki kujifurahisha. Hilo la wakoloni ni kweli, na si la kufunika. Babu zetu walitega. Walitega kwa kamba za magome, kwa katani, kwa wavu, kwa rima lililofunikwa majani. Sisemi walikuwa na huruma kutuzidi. Rima lenye miti iliyochongwa chini halikumhurumia mtu. Ila kamba ya magome ina umri wake. Masika yakipita imeoza, na mchwa wamemalizia kazi. Mtegaji akiugua, akihama, akisahau, mtego wake ulisahaulika pamoja naye. Waya hauna habari hiyo. Mwenyewe anaweza kukamatwa, akahukumiwa, akamaliza kifungo, akarudi nyumbani na kuoa, na kitanzi chake kikawa bado kiko wazi pale mtoni. Babu alijua amefunga mitego mingapi na wapi, kwa kuwa kila mmoja ulimgharimu kazi ya mikono. Leo tairi moja linatoa vitanzi vingi kuliko mtu anavyoweza kuvikumbuka.

Na vingi havikumbukwi kweli. Mwaka 1998 mtafiti wetu Simon Mduma na wenzake walikadiria kwamba nyumbu wanaochukuliwa na wawindaji haramu katika mfumo wa Serengeti ni kama 40,000 kwa mwaka. Dennis Rentsch na Craig Packer walipopima upya kwa kuangalia nyama inayoliwa kwenye kaya za upande wa magharibi, kazi iliyochapishwa 2015, kadirio lao lilipanda hadi kati ya 97,000 na 140,000. Kiasi hicho si kitoweo cha mtu mwenye njaa ya mwezi wa pili. Hiyo ni biashara, ina wanunuzi na wasafirishaji, na mtegaji ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Kuanzia 2017 TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, na Frankfurt Zoological Society, kwa michango ya kampuni za utalii, wameweka timu za kutembea kwa miguu porini kutegua vitanzi, na wametoa makumi ya maelfu. Tsavo kazi kama hiyo ilianza 1999, Sheldrick Wildlife Trust wakishirikiana na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na mpaka leo hawajaishiwa cha kutegua.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Nadhani hakuna mahali usemi huo unatimia kama kwenye waya wa nyumbu. Kule Serengeti, Heribert Hofer na Marion East walichunguza fisi kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba vitanzi vilivyotegewa nyumbu ndivyo vilivyokuwa vikiua fisi wazima kuliko kitu kingine. Fisi wa huko husafiri. Nyumbu wakihama, fisi jike anaacha watoto shimoni, anatembea makumi ya kilomita kufuata makundi, anakula, anarudi kunyonyesha. Watoto wake wanategemea maziwa yake kwa mwaka mzima na zaidi, na kwa kawaida jike mwingine hatawanyonyesha. Akinaswa huko mbali, shimoni wanakufa nao, mmoja baada ya mwingine, mahali ambapo hakuna aliyetega chochote. Najua fisi hana mtetezi kijijini. Basi mweke mbwa wako mahali pake, au ndama wa jirani, maana hao pia huingia.

Uganda yupo simba maarufu anayeitwa Jacob, wa Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 2020 mtego wa majangili ulimkata mguu mmoja wa nyuma. Februari 2024 yeye na nduguye Tibu walirekodiwa usiku wakiogelea mfereji wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye viboko na mamba, na dunia nzima ikashangilia. Ni ushujaa, sibishi. Ila katika shangwe zile niliona watu wachache mno waliouliza habari za mguu.

Unguja wapo paa nunga, paa wadogo ambao nje ya Zanzibar wamebaki kwenye misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Kwa jamii ndogo kiasi hicho, kitanzi kimoja kinachosahauliwa msituni kina uzito wake.

Sasa niwageukie wasiotega. Unayenunua kimoro, yaani nyama ya porini iliyokaushwa vipande, kwa kuwa ni rahisi kuliko ya ng'ombe, wewe ndiye uliyefunga waya, hata kama hujawahi kukanyaga pori. Pia hujui unachokula. Nyumbu aliyenyongwa na waya na nyumbu aliyekufa kwa kimeta wakishakatwa na kukaushwa hawatofautiani, na kimeta kinaua watu. Tanzania tangu 2020 ina kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Mwenye hamu ya nyama hiyo aende huko, aombe risiti, na muuzaji akianza kung'aka ajue ameshajibiwa. Kenya hakuna njia hiyo. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya 2013 inaadhibu vikali biashara ya nyama pori, kwa hiyo anayekuletea mshikaki wa digidigi Voi au Nairobi hana maelezo ya kukupa.

Na wewe fundi wa tairi. Anayekuja kuomba tairi lililoisha ili akalichome, muulize analipeleka wapi. Huhitaji kumpeleka polisi. Kuuliza tu kunatosha kumfanya ajue kuna mtu anayeona.

Je, kuna kutega kwa ubinadamu? Kupo, na tunao mfano hapa hapa Morogoro. Watafiti wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hutumia visanduku vyepesi vya bati vinavyokunjika, viitwavyo mitego ya Sherman kwa jina la Mmarekani aliyeibuni. Ndani huwekwa siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi. Jioni vinapangwa shambani kwa mistari, kila kimoja na namba yake. Asubuhi vinazungukiwa vyote, kimoja kimoja. Panya aliyemo yuko hai, ana wasiwasi lakini mzima. Anapimwa uzito, anawekewa alama, anaachiwa palepale aliponaswa. Watafiti wa wanyama wakubwa wakati mwingine hutumia hata kitanzi cha mguu, ila kimewekewa kizuizi kisikaze kupita kiasi, na kina kifaa cha mawimbi kinachowaamsha mara mnyama anapokanyaga. Kwa hiyo chuma kinaweza kuwa kilekile. Kinachobadilika ni saa: muda gani mnyama atakaa mle kabla hajafikiwa na mtu. Mtego ambao mwenyewe hawezi kusema atarudi lini kuutazama haufai kutegwa, uwe wa waya, wa kizimba, au wa gundi ile ya panya inayouzwa barabarani.

Wenzetu wa Ulaya nao wamechelewa kulielewa hili, tusidhani ni wajuzi wa asili. Mtego wa meno ya chuma ulitumika Uingereza vizazi na vizazi mpaka ulipopigwa marufuku 1958, na kitanzi chenyewe Wales wamekikataza 2023, Uskoti 2024. Nao wana mbweha wanaokula kuku.

Tuje kwa kuku basi, maana wengi wetu hapo ndipo tunapoumia. Anayekuja usiku kwa kawaida ni kanu au fungo. Mchana ni nguchiro. Kabla ya mtego wowote, tazama banda. Kanu hupenya kwenye upenyo ambao wewe ungeapa hapiti hata paka. Wavu uwe wa matundu madogo, upande mpaka juu na ushuke chini ya ardhi kidogo, mlango uwe na komeo, si kamba, na mabaki ya chakula na utumbo wa kuku vifukiwe mbali. Banda likifungwa kweli, mara nyingi hadithi inaishia hapo. Nimesikia watu wakisema wavu ni ghali. Ni ghali, ila unanunua mara moja, na fungo ukimuua leo atakuja mwingine kuchukua eneo lake kwa sababu kilichomvuta wa kwanza bado kipo.

Pakibaki haja ya kumkamata, anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au ofisi ya KWS iliyo karibu kwa walioko Kenya. Sheria zetu zote, ya Tanzania ya 2009, ya Kenya ya 2013 na ya Uganda ya 2019, hazimruhusu mtu kukamata mnyamapori kwa hiari yake, na ni afadhali kuwa na ruhusa mkononi kuliko kujieleza baadaye. Afisa akikubali, kinachotumika ni kizimba cha wavu wa chuma. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Kiwe na mlango mmoja wa kudondoka na kibao cha kukanyagia karibu na mwisho. Kiwe kirefu kuliko mnyama na mkia wake, mlango usije ukambana. Kingo za nyaya zisuguliwe zisimkate mdomo anapotafuta pa kutokea. Chambo kikae nyuma ya kibao ili alazimike kukikanyaga: ndizi mbivu au papai kwa fungo, yai kwa kanu. Kikite kwa kigingi kisipinduke, na nusu yake ifunike kwa gunia, kwani mnyama aliye gizani hutulia, aliye wazi hujiumiza.

Ukitega jioni, uwe pale kabla jua halijachomoza. Kizimba cha chuma kikipigwa na jua la saa tatu kinageuka tanuri. Kama leo hutalala nyumbani, usitege leo. Mchana mlango ufungwe, asiingie paka wa jirani. Ukikuta jike mwenye maziwa, mwachie palepale upesi, watoto wako karibu wanamsubiri, kisha rudi ukahangaike na banda. Usiingize mkono kamwe. Nguchiro na bweha wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na akikuuma osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu moja kwa moja hospitali, siku hiyohiyo. Mahali pa kumwachia apange afisa. Kumbeba ukamtupe kijiji cha pili ni kumpelekea mwenzio msiba wako.

Hayo ni ya wanyama wadogo. Chui, fisi, nyani dume, hao usiwaguse. TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, na KWS wana vizimba vyao na dawa zao za usingizi, na kazi hiyo wameisomea.

Lazima niseme na upande wa pili. Serikali inapomwambia mkulima asitege, inapaswa kufika anapoita. Tanzania tuna kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa na wanyama wakali, kwa kanuni za 2011, lakini muulize aliyewahi kujaza fomu zile akueleze alisubiri kiasi gani na alichopata kilitosha nini. Mtu asiyejibiwa atarudi kwenye waya. Ndugu zetu wa Sagalla, karibu na Tsavo, wanatundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba na tembo wengi wanageuka, na asali inauzwa. Kwenye mambo ya namna hiyo ndiko ningependa kuona fedha za uhifadhi zikienda, kabla hatujaongeza mahabusu.

Ukikuta kitanzi porini na hakina kitu, kitegue. Kikaze mpaka kizibe, kikate kwenye mti, kikunje, ondoka nacho ukakikabidhi ofisi ya kijiji. Usikiache chini kikisubiri mwenye kukiokota. Pakwach, Uganda, karibu na Murchison, vijana chini ya mradi ulioanzishwa na mtafiti Tutilo Mudumba na wenzake wanazisokota nyaya hizo kuwa sanamu za twiga na tembo na kuziuza. Ukikuta mnyama yuko hai ndani ya kitanzi, usimsogelee. Hatakuelewa. Rudi nyuma, zuia mbwa na watoto, kumbuka mahali, piga simu kwa askari wa wanyamapori, kaa mbali unapoweza kuwaonyesha njia.

Na la mwisho ninaloomba ni la kikao. Mkutano mkuu wa kijiji uko kila robo mwaka, na ajenda zinajulikana: maji, barabara, mchango wa darasa. Kijiji kikubaliane kuwa na kizimba kimoja kinachokaa ofisi ya mtendaji, na daftari linaloandikwa nani amekichukua, amekitega wapi, na atakitazama saa ngapi. Kaya zenye waya zipewe siku ya kuurudisha bila kuulizwa jina. Mwenyekiti akifika kwenye "mengineyo" na watu wameanza kukusanya viti, nyoosha mkono.